Sampuli "safi" iliyotoka nyeusi: kisa cha nikeli oksaidi, lithiamu na namba za Seebeck zilizogoma kueleweka

Mazingira ya kisa

Kisa hiki kimetoka maabara ya fizikia ya chuo kikuu kimoja huku Afrika Mashariki. Jina la chuo, mwaka na majina ya wahusika nimeyatoa yote, wenyewe nitawaita mwanafunzi, msimamizi na fundi. Mwanafunzi alikuwa anafanya uzamili, mada yake ni jinsi oksaidi za metali za mpito (kundi la metali kama nikeli, kobalti na manganizi) zinavyogeuza joto kuwa umeme zikiwa safi na zikiwa zimedopiwa, yaani zimetiwa makusudi kiasi kidogo cha kitu kingine. Nakiandika kwa sababu naona wanaoanza kazi hii wananasa palepale, mtu anahangaika usiku na mchana na sampuli alizozitia kitu kumbe tatizo liko kwenye ile ambayo anaamini hajaitia kitu.

Kwa asiyejua mada kabisa: chukua kipande cha kitu kinachopitisha umeme, kipashe upande mmoja, upande mwingine uache wa baridi, vibeba umeme vya upande wa moto vitasambaa kwenda upande wa baridi na utapata volti ndogo kati ya ncha mbili. Thomas Johann Seebeck aliliona jambo hili mwaka 1821, mwenyewe akadhani ni usumaku. Ile volti ukiigawa kwa tofauti ya joto kati ya ncha mbili ndo unapata namba ya Seebeck. Shaba ina kama maikrovolti 1.8 kwa kila nyuzi moja, bismuthi teluraidi ambayo iko ndani ya vile vibao vya kupozea kwa umeme inazunguka 200 hivi. Halafu kuna alama, na hii ni muhimu kwa kisa chetu: kama vinavyotembea ni elektroni basi ncha ya baridi inakuwa hasi na namba inaandikwa hasi, kama ni mashimo (nafasi zilizoachwa na elektroni, zinatembea kama chaji chanya) ncha ya baridi inakuwa chanya.

Oksaidi zilikuwa zinadharauliwa kwenye eneo hili maana nyingi hazipitishi umeme vizuri. Mwaka 1997 Terasaki na wenzake huko Japani wakaonyesha kwamba fuwele za oksaidi ya sodiamu na kobalti, NaCo2O4, zina namba ya Seebeck karibu 100 kwenye joto la kawaida na wakati huohuo zinapitisha umeme karibu kama metali, kitu ambacho watu hawakukitegemea kabisa, na tangu hapo oksaidi zinatafutwa kwa bidii kwa sababu zinavumilia moto mkali hewani bila kuharibika.

Kwa nini nikeli oksaidi

Mwanafunzi alitaka kuanza na hiyo ya kobalti. Msimamizi akamwambia aanze na nikeli oksaidi, na mimi nakubaliana naye kabisa. Haitakupa jenereta ya maana, ila kwa kujifunza sijui nyingine inayoizidi. Muundo wake ni kama wa chumvi ya mezani, nikeli na oksijeni zinapishana tu. Haibadiliki kuwa oksaidi nyingine ukiichoma hewani, tofauti na manganizi au kobalti ambazo zinahama kutoka oksaidi moja kwenda nyingine joto likipanda. Na ina historia nzito: mwaka 1937 de Boer na Verwey walionyesha kuwa kwa nadharia ya siku zile ilitakiwa ipitishe umeme kama metali, maana elektroni zake za nje hazijajaza nafasi, lakini ukiipima ni kihami kikali. Mwanafizikia Nevill Mott akaanzia hapo kueleza kwamba elektroni zinasukumana kiasi kwamba kila moja inabaki kwake.

Baadaye Verwey huyohuyo na wenzake pale maabara ya kampuni ya Philips wakaonyesha njia ya kuifanya ipitishe umeme. Unatia lithiamu. Lithiamu ina chaji chanya moja, inakaa nafasi ya nikeli yenye chaji mbili, na kwa vile hesabu ya chaji lazima ibalansi, nikeli moja ya jirani inapoteza elektroni na kuwa na chaji tatu, hapo umepata shimo moja. Kila lithiamu, shimo moja. Ukuzaji huu wa mashimo unashusha ukinzani kwa mara mamilioni, na rangi inabadilika kutoka kijani kwenda nyeusi. Hiyo rangi naomba uikumbuke.

Mpango ulikuwa vidonge vinne: moja safi, moja lithiamu asilimia 1, moja 2, moja 5.

Mambo yalivyoanza

Vifaa vilikuwa vya kawaida sana, tanuri la kuchomea, presi ya mkono, maltimita nzuri ya mezani yenye ukinzani wa kuingilia (ukinzani wa mita yenyewe) wa megaomu 10, thamokapo za aina K za kupimia joto (waya mmoja wa aloi ya kromeli, mwingine wa alumeli), gundi ya fedha na hita ndogo. Unga wa nikeli oksaidi ulichanganywa na lithiamu kaboneti, ukasagwa, ukapresiwa.

Uamuzi wa kwanza: vidonge vyote vinne vichomwe pamoja, sahani moja ya alumina, nyuzi 1200 hewani. Sababu zilikuwa mbili na zote zina akili. Umeme ulikuwa unakatika mara kwa mara, kwa hiyo kuchoma mara moja kuliko mara nne ni kuokoa wiki nzima. Na mwanafunzi alisema kwamba vikipitia moto uleule basi tofauti yoyote itakayoonekana itakuwa ya lithiamu peke yake. Ukisikia hivyo unakubali. Msimamizi alikubali.

Vikatoka. Vitatu vyeusi, kama ilivyotegemewa, na kile "safi" kikatoka kijivu kilichokolea sana, karibu cheusi. Mwanafunzi aliandika kwenye daftari "safi: rangi ya kijivu" na kuendelea.

Namba za vidonge vya lithiamu zilikuwa nzuri, zote chanya, zinashuka kadiri lithiamu inavyoongezeka, ndo inavyotakiwa, maana vibeba vikiwa vingi volti inayopatikana kwa kila nyuzi inapungua. Kile safi nacho kikatoa namba chanya, ya juu kidogo tu kuliko cha asilimia 1, na ukinzani wake ukasomeka kirahisi kwenye maltimita. Rasimu ya kwanza ya sura ya matokeo ikaandika kwamba lithiamu inabadilisha sana upitishaji lakini Seebeck inaibadilisha taratibu, na kwamba nikeli oksaidi safi "ni kipitishi cha wastani".

Sentensi hiyo ndo iliyomshtua msimamizi. Nikeli oksaidi safi kwenye joto la chumba haiwezi kuwa kipitishi cha wastani, maltimita inatakiwa ishindwe kuisoma.

Uamuzi wa pili: kuchoma upya, peke yake

Kulikuwa na maelezo mawili yanayoweza kuwa kweli na ilibidi yatenganishwe. La kwanza ni oksijeni ya ziada. Nikeli oksaidi inapenda kupungukiwa na nikeli, fuwele inabaki na nafasi tupu pale nikeli ilipotakiwa kukaa, na kila nafasi tupu inazaa mashimo mawili, kwa hiyo hata bila lithiamu inakuwa na mashimo yake. Ndo maana unga uliochomwa kwa moto mdogo huwa mweusi au kijivu. Lakini moto wa nyuzi 1200 unatakiwa urudishe kijani, kwa hiyo maelezo haya hayakutosha.

La pili alilitoa fundi, mzee aliyekaa na lile tanuri miaka mingi. "Mwanangu, lithiamu haitulii kwenye moto ule, inapaa. Umevichoma pamoja, cha safi kimekula mvuke wa wenzake."

Na ni kweli, lithiamu oksaidi juu ya nyuzi 1000 inatoka kwenye sampuli na kuzunguka tanuri zima. Kidogo sana kinatosha. Sehemu moja kwenye elfu ya nikeli ikibadilishwa na lithiamu tayari umeondoka kabisa kwenye ulimwengu wa oksaidi safi.

Wakachoma kidonge kipya cha safi peke yake, sahani mpya, ila tanuri lilelile. Kikatoka kijani katikati na kijivu pembeni. Hiki kidonge cha rangi mbili mimi nakithamini kuliko grafu zote za kisa hiki, maana kilionyesha kwa macho kwamba uchafu unaingia kutoka nje kwenda ndani, na unatoka kwenye kuta za tanuri lenyewe. Ni kama sufuria iliyokaangiwa samaki, chemshia maziwa uone. Mwishowe ikabidi waombe idara nyingine tanuri la bomba ambalo halijawahi kuona lithiamu. Kidonge kikatoka kijani chote.

Uamuzi wa tatu: kupima kijani

Hapo kila mtu alidhani kazi imeisha, kumbe ndo inaanza.

Kidonge cha kijani kilitoa namba za ajabu. Leo chanya, kesho hasi, mtu akipita karibu na meza inaruka. Mwanafunzi alipochukua wastani akapata namba ndogo hasi, akaandika rasimu ya pili: nikeli oksaidi safi kwenye joto la chini inabebwa na elektroni, na lithiamu inaigeuza kuwa ya mashimo. Inavutia, na mtu angeweza kuichapisha. Alimwandikia msimamizi, "Dokta, nadhani tumepata mgeuko wa alama."

Msimamizi hakukataa wala hakukubali, akamwambia kitu kimoja: geuza joto. Pale palipokuwa na moto pawe baridi, pa baridi pawe moto, waya usiguse. Volti ya Seebeck lazima igeuke alama, haina ujanja.

Haikugeuka. Upande mmoja ilisoma karibu milivolti 0.18, ulipogeuzwa ikasoma karibu 0.02, alama ileile.

Hesabu yake ni rahisi, tuifanye. Chukua kidonge chenye ukinzani wa megaomu 1000, na cha kijani kwenye joto la chumba kinaweza kuzidi hapo mbali sana. Kama Seebeck yake ni maikrovolti 800 na tofauti ya joto ni nyuzi 10, volti halisi ni milivolti 8. Lakini maltimita ya megaomu 10 ikiunganishwa, karibu volti yote inaangukia ndani ya kidonge chenyewe na mita inaona sehemu moja tu ya mia, yaani milivolti 0.08. Wakati huohuo mita yoyote inatoa mkondo wake mdogo wa kuingilia, tuseme pikoampea 10, na huo ukipita kwenye megaomu 10 unatengeneza milivolti 0.1 ambayo haijali joto liko upande gani. Jumlisha 0.1 na 0.08 unapata 0.18, toa unapata 0.02. Ndo zile namba. Ile "elektroni" kwenye rasimu ya pili ilikuwa ni mita inajipima yenyewe, na alama inategemea siku hiyo mkondo wake umeelekea wapi.

Wakachukua njia mbili kwa pamoja. Wakaazima elektromita, mita ya volti kwa vitu vyenye ukinzani mkubwa sana, yenye ukinzani wa kuingilia wa megaomu milioni 100, na wakahamishia vipimo kwenye joto kubwa, kuanzia nyuzi 500 kwenda juu, ambako kidonge cha kijani chenyewe kinaanza kupitisha umeme vya kutosha. Maabara rafiki wakawaazima pia fuwele moja nzima ya nikeli oksaidi, iliyokuzwa kwa mwali wa moto kwa njia ya Verneuil, ya kijani inayopitisha mwanga, nzuri hata kuitazama.

Matokeo

Kwenye joto kubwa kidonge cha kijani na fuwele vyote vilitoa namba chanya, mamia kadhaa ya maikrovolti, na ukigeuza joto alama inageuka kama inavyotakiwa. Upitishaji wa kidonge na wa fuwele haukulingana, kidonge kina mipaka mingi kati ya chembe na chembe na mkondo unakwama pale, lakini Seebeck zao zilikaribiana. Hilo lina sababu: Seebeck inapimwa bila mkondo kupita, kwa hiyo mpaka mwembamba ambao haubebi tofauti kubwa ya joto hauiharibu sana. Fuwele ilikuwa na tabia moja ya kuchosha, kila ukibadilisha joto namba yake ilichukua muda mrefu sana kutulia kuliko ya kidonge, kwa sababu zile nafasi tupu za nikeli zinapaswa kusafiri kutoka kwenye uso mpaka katikati mpaka zikubaliane na oksijeni ya hewani, na kwenye fuwele nzima hakuna njia za mkato.

Mgeuko wa alama ukafutwa. Kile kidonge cha kijivu cha mwanzo hakikutupwa, kimebaki kwenye tasnifu kama sampuli ya tano, "iliyochafuliwa na mvuke wa lithiamu".

Lithiamu ilienda wapi: uchambuzi wa vidonge vyeusi

Sehemu hii naona ndo yenye utamu, maana iliongeza swali badala ya kulifunga. Kuna fomula ya Heikes: kama mashimo yanarukaruka kutoka nikeli moja kwenda nyingine, na sehemu c ya nikeli ina shimo, Seebeck ni 86.2 mara logi asilia ya (1−c)/c. Kwa c ya 0.01 unapata karibu 396, kwa 0.02 karibu 335, kwa 0.05 karibu 254. Vidonge vyote vitatu vilitoa namba za juu kuliko hizo, maana yake vina mashimo machache kuliko lithiamu iliyopimwa kwenye mizani.

Kishawishi kilikuwa kuigeuza fomula kinyumenyume, utoe lithiamu kutokana na Seebeck, useme iliyobaki imepaa, basi. Mwanafunzi alikuwa ameshaanza jedwali. Msimamizi alikataa na hapa naona alifanya uamuzi bora kuliko yote, kwa sababu fomula inadhani kila shimo liko huru na linarukaruka. Heikes na Johnston waliliona hivyo mwaka 1957, lakini Bosman na Crevecoeur mwaka 1966 walipima nikeli oksaidi yenye lithiamu kwa uangalifu mkubwa na kuhitimisha kwamba mashimo yanatembea zaidi kama kwenye semikondakta ya kawaida, na kwenye joto dogo mengi yamenaswa karibu na lithiamu iliyoyazaa. Kwa hiyo mashimo machache yana maelezo mawili: lithiamu haipo, au ipo ila imeyashika mashimo yake. Seebeck peke yake haiwezi kukwambia ni lipi.

Jibu likatoka maabara ya udongo ya chuo hichohicho, wana flemu fotomita, kifaa kinachopima metali kwa mwanga zinaoutoa kwenye mwali wa moto, wanayopimia potasiamu na sodiamu kila siku, na lithiamu inasoma vilevile. Kazi ilikuwa kuyeyusha kidonge, maana nikeli oksaidi iliyochomwa moto mkali inagoma kwenye asidi, ilibidi isagwe laini na kuachwa kwenye asidi hidrokloriki ya moto kwa muda mrefu. Ikaonekana lithiamu imepungua kweli, kidonge cha asilimia 5 kilikuwa na chini ya 4, lakini upungufu huo haukutosha kueleza Seebeck yote. Yaani maelezo yote mawili yalikuwa yanafanya kazi kwa pamoja.

Kilichofanya kazi na kilichokwama

Kitu kimoja mwanafunzi alikifanya vizuri tangu siku ya kwanza na hakusifiwa vya kutosha. Alipima volti ya sampuli mara mbili, mara moja kupitia nyaya za kromeli na mara ya pili kupitia za alumeli. Kromeli yenyewe ina Seebeck karibu +22 na alumeli karibu −18, kwa hiyo majibu mawili ya sampuli moja lazima yapishane kwa karibu 40. Yakipishana kwa 30, ujue kuna kosa mahali kwenye kupima volti au tofauti ya joto. Yake yalipishana inavyotakiwa kwenye vidonge vyeusi, ndo maana baadaye hakuna aliyezitilia shaka namba zile na nguvu zote zikaenda kwenye kile cha safi. Pia hakutegemea nukta moja, alichora volti dhidi ya tofauti ya joto na kuchukua mteremko. Angalizo tu: mteremko unaondoa volti ya ziada isiyobadilika, lakini hauwezi kurudisha ile sehemu 99 kwa 100 iliyomezwa na kidonge chenye ukinzani mkubwa, utapata mstari mzuri ulionyooka wenye jibu dogo mara mia.

Kilichokwama zaidi ni ile rangi. Ilionekana, iliandikwa, na haikufanyiwa kazi, kwa sababu kwenye mpango hapakuwa na mahali panaposema kidonge safi kisipokuwa kijani simama. Vile vya lithiamu vilikuwa na vigezo vya kila aina, cha safi hakikuwa na hata kimoja, kilichukuliwa kuwa safi kwa sababu hakuna aliyekitia kitu. Kwa oksaidi za metali za mpito hiyo haikubaliki, maana nikeli inaweza kubadilisha chaji yake kirahisi na kila kinachoigusa, iwe mvuke wa lithiamu, oksijeni ya chumba au uchafu wa unga wa dukani, kinaandikwa kwenye idadi ya mashimo.

Uamuzi wa kuchoma pamoja pia siwezi kuulaumu moja kwa moja, kwa vidonge vya lithiamu peke yake ni uamuzi mzuri. Tatizo ni kuweka kwenye moto mmoja kitu kinachotoa mvuke na kitu ambacho thamani yake yote ni kutokuwa na mvuke huo.

Maabara ile sasa ina tanuri lililoandikwa kwa rangi nyekundu "HAKUNA LITHIAMU", na kwenye jedwali la tasnifu safu iliyokuwa inaitwa "safi" inasomeka "haijatiwa lithiamu, tanuri la bomba, imepimwa hewani juu ya nyuzi 500".